Mtoto Kwenye Mizani

Figo ni viungo viwili vidogo vyenye kazi kubwa. Usiku na mchana huchuja damu na kutoa mwilini taka na maji yaliyozidi. Zikiharibika kwa mtu mzima, uhai wake huwa hatarini. Zikiharibika kwa mtoto, uhai na ukuaji huwa hatarini pamoja, maana mifupa hudhoofu na kimo hudumaa. Zikikoma kabisa, hana budi kusafishwa damu kwa njia nyingine au kupandikizwa figo ya mtu mwingine. Sasa, msomaji, tuseme mashine ni moja na wanaoihitaji ni kumi. Nani apewe?

Swali hili liliulizwa kweli katika mji wa Seattle, Marekani. Mwaka 1960 Daktari Belding Scribner na wenzake walibuni mrija wa kuachwa mkononi mwa mgonjwa, ili aunganishwe na mashine mara kwa mara. Waliokuwa wa kufa wakaishi. Lakini mashine zilikuwa chache, na baraza la watu saba likapewa kazi ya kuchagua. Lilipima umri, kazi, elimu, mali na idadi ya watu waliomtegemea mgonjwa. Watoto walitengwa na kanuni tangu mwanzo.

Watu wale hawakuwa wakatili. Walibeba mzigo ambao wengi wetu tungeukimbia. Walakini mizani yao ilikuwa na ila. Ilipima aliyoyatenda mtu, na mtoto hajatenda bado. Hana mke, hana mshahara, hana anayemtegemea. Yeye ndiye anayetegemea. Mizani ya namna hiyo itamwona mtoto mwepesi daima, na siku moja itatuona wepesi sisi pia, tutakapokuwa wazee au wagonjwa.

Utauliza: kama mashine hazitoshi, tufanyeje? Ikiwa kuchagua hakuepukiki, mtu na apimwe kwa haja yake na kwa tumaini la kupata nafuu. Na penye usawa, zamu iamue. Cheo kisiwe na sauti.

Lakini haki haiishii katika kugawa vizuri kilicho kichache. Mwaka 1964, katika mji ule ule, msichana mmoja ambaye hajafikia utu uzima alinyimwa nafasi. Profesa Albert Babb, mhandisi wa chuo kikuu, pamoja na wenzake, wakaunda kwa miezi michache mashine ndogo ya kutumiwa nyumbani, na msichana akatibiwa kwao. Hawakumpokonya mwingine nafasi, waliongeza nafasi. Tena mwaka 1972 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kugharimia matibabu hayo kwa fedha za umma kwa karibu kila aliyeyahitaji.

Basi, msomaji, ukiambiwa kwamba kitu hakitoshi, uliza jinsi kitakavyogawanywa kwa haki. Kisha usilale kabla hujauliza kwa nini hakitoshi.