RAMADHANI, SIKU YA 14: FUNGA NGAMIA KWANZA



Leo naanza kwa kukiri kosa langu. Miaka ya nyuma, mama mmoja muuza vitenge hapa Kariakoo alinijia baada ya Alasiri. Hedhi ilishakoma zamani, lakini damu ilikuwa imerudi. Nikamwandikia kombe, nikamuombea, nikamwambia asubiri. Sikumuuliza neno moja: "Umeshapimwa?"

Akasubiri kweli. Alipofika Ocean Road, saratani ya mlango wa kizazi ilikuwa imeshasambaa. Allah amrehemu.

Jamani, dua haikuwa kosa. Kosa ni kuiweka dua mahali pa hospitali. Mtume wetu (s.a.w.) alituagiza tujitibu, na yule mwenye ngamia alifundishwa afunge kwanza, ndipo atawakali.

Saratani hii ndiyo inayoongoza kwa wanawake nchini kwetu, na wengi wanafika hospitali imeshakomaa. Lakini inaanza taratibu, kwa miaka, na ikiwahiwa inatibika. Kipimo chenyewe ni cha dakika chache: mhudumu anapaka siki kwenye mlango wa kizazi, majibu unayapata siku hiyo hiyo. Na mabinti zetu wana chanjo, tangu 2018.

Wewe mume: mkeo akikuambia anatokwa na damu isiyo ya kawaida, au ana uvimbe kwenye titi, usimwambie "tusubiri mwezi uishe." Mgonjwa karuhusiwa kula, atalipa akipona. Asiyetarajiwa kupona anatoa fidya, analisha maskini kwa kila siku. Dini imeshamfungulia mlango, wewe usiufunge.

Na nyinyi wenye maduka: matibabu ya mionzi si ya siku moja. Mgonjwa huenda karibu kila siku kwa wiki kadhaa. Aliyetoka mkoani anatafuta nauli, chakula na pa kulala. Wapo wanaokatisha tiba kwa kukosa hayo tu. Mgonjwa fukara ni mstahiki wa zaka yako, naye yuko mwendo wa bajaji moja kutoka dukani kwako.

Kazi ya leo kabla ya futari: muulize mama, mke au dada yako, kwa upole, lile swali nililolisahau mimi.

Ya Allah, waponye wagonjwa wetu, na utusamehe tuliochelewa. Aamin.

Swaumu maqbul.