Kilo 125 Zilizobaki Dukani

Yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, ni mwalimu wa hesabu, na nyumba yake iko Kasuku, hapa Kindu, si mbali na reli. Amenipa ruhusa nisimulie habari ya paa lake kwa sharti moja: muuzaji asitajwe, wala mtaa. Naisimulia kwa sababu kila kiangazi, tangu mwezi wa sita, misingi mipya inachimbwa Kasuku, Mikelenge na ng'ambo kule Alunguli, na wengi ninaowaona wakichimba wanaelekea pale pale alipojikwaa yeye.

Alianza vema. Misimu miwili alichoma matofali, akanunua mbao zilizokauka, akaita fundi anayeheshimika. Alipofika juu, mfuko ulikuwa umelegea. Kila aliyejenga anaijua hali hiyo: ukuta hula fedha kidogo kidogo, paa huzila kwa siku moja. Na huku kwetu manjanja, yaani mabati ya paa, ni ghali kwa sababu ya njia. Hufika kwa treni ya kutoka Lubumbashi pale treni inapokuja, au hutoka Kisangani kupitia Ubundu na kuupanda mto kwa boti, au hushushwa na ndege kutoka mashariki, na kila mkono ulioyashika njiani umeongeza chake. Hivyo mtu akifika dukani akaambiwa kuna bati la bei ya chini, moyo wake huwahi kusema ndiyo.

Niseme neno kuhusu jina lenyewe, maana limetufunga macho. Bati kwa asili ni yale madini meupe, laini, yanayoyeyushwa kutoka kasiteriti, na mkoa wetu wa Maniema ni nchi yake: Kalima inachimbwa tangu enzi za kampuni ya Symétain, miaka ya 1930, na mpaka leo vijana wetu wanabeba mifuko ya kasiteriti mgongoni. Lakini bati la paa halina bati ndani yake. Ni chuma cha pua kilichobanwa kuwa bamba jembamba, kisha kikavikwa zinki iliyoyeyuka, ufundi ambao Mfaransa Stanislas Sorel aliupatia hataza mwaka 1837. Ile mikunjo ya mawimbi inayolipa bamba ugumu ilisajiliwa London na Henry Robinson Palmer mwaka 1829. Zinki ni koti la chuma. Koti likiisha, chuma kinaliwa na kutu. Basi anayenunua bati ananunua unene wa namna mbili, wa chuma na wa koti, na jicho tupu haliwezi kupima hata mmoja.

Dukani Yaya alionyeshwa marundo mawili. La kwanza liliandikwa BG 28, la pili BG 32, na bei ya hilo la pili ilikuwa chini sana. Akauliza, "Papa, haya ya 32 ni mazuri?"

"Mwalimu, hayo ndiyo yanayotoka sana."

Jibu la kweli kabisa. Ndiyo yanayonunuliwa sana. Yaya akatazama 32, akaona imezidi 28, akaona na bei imeshuka, akadhani Mungu amemfungulia mlango. Hakuna aliyemdanganya. Hakuna pia aliyemwambia kwamba katika kipimo hicho namba ikipanda, chuma kinapungua: BG 28 ina unene wa karibu milimita 0.40, BG 30 milimita 0.31, BG 32 milimita 0.25 tu. Akachukua mabati 40 ya namba 32. Mtu anayefundisha watoto kusoma namba alishindwa na namba mbili, kwa sababu hakuuliza zinapima nini.

Akaongeza kubana mahali pengine pawili. Ukuta aliupunguza safu tatu za matofali, na plafo, yaani dari, akaiacha. Fundi alimwambia, "Mwalimu, bila plafo utanikumbuka mwezi wa tatu." Yaya akajibu kwamba plafo itawekwa mwaka utakaofuata. Walihamia mvua za kwanza zilipoanza, tukala wali na samaki wa Lualaba barzani, tukawaombea baraka.

Mwezi wa tatu ulifika. Kindu iko karibu digrii 3 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mara mbili kwa mwaka, katikati ya Machi na mwanzoni mwa Oktoba, jua la adhuhuri linasimama wima juu ya vichwa vyetu. Katika nchi za mbali na ikweta ukuta na dirisha hupokea sehemu kubwa ya jua. Kwetu paa ndilo linalopigwa, kutwa nzima. Saa sita mchana, mbingu ikiwa safi, kila mita ya mraba inapokea nguvu ya karibu wati 1,000, na nyumba ya Yaya imefunika mita za mraba zipatazo 70. Ni kama pasi za umeme 70 zimepangwa juu ya paa na zote zimewashwa. Bati linaakisi sehemu ya nguvu hiyo, na linachomeza linakishusha ndani.

Ukiliangalia bati jipya linavyong'aa utafikiri linafukuza jua lote. Linarudisha mwanga mwingi, kweli. Lakini joto likishaingia, bati linalong'aa ni gumu kuliachia. Linalishika, na mchana bamba linaweza kupita nyuzi 60. Likianza kuzeeka na kushika kutu mambo yanakuwa mabaya zaidi, kwa sababu rangi ya kutu inanywa jua kuliko rangi ya zinki. Paa la kutu ni moto kuliko paa jipya. Wengi wanadhani kutu ni aibu ya macho tu.

Ndani ya nyumba ile shemeji hakuweza kukaa kuanzia saa tano mpaka saa kumi na moja. Alihamishia kila kitu barzani: mtoto, kazi ya kuchambua mchele, hata madaftari ya watoto wakubwa. Usiku ndio uliokuwa mgumu. Kuta za matofali zilizonywa joto mchana zililirudisha taratibu, na watoto walipiga teke chandarua kwa sababu chini yake hewa haipiti. Anayeishi Kindu anajua chandarua kikipigwa teke kinachofuata ni nini. Mdogo wao alilazwa mara mbili kwa malaria katika msimu mmoja. Gharama ya siku zile haikuandikwa katika hesabu ya paa, nami naamini huko ndiko ilikostahili kuandikwa.

Yaya akanunua feni. Umeme wa mjini si wa kuutegemea, basi akanunua na jenereta ndogo. Jenereta ya wati 1,000 ikawa inaunguruma kila usiku ili izungushe feni ya wati 50. Jenereta ya namna hiyo hunywa karibu nusu lita kwa saa hata kazi ikiwa ndogo. Saa mbili tu, mpaka watoto wapitiwe na usingizi, ni lita moja, na kwa mwezi ni lita 30 za petroli iliyosafiri safari ile ile ndefu ya mabati. Akaanza kufundisha masomo ya ziada jioni, na fedha yake yote ikaingia tangini. Kabla mwaka haujatimia, daftari lake lilionyesha kwamba petroli imepita tofauti ya bei kati ya yale marundo mawili, na plafo juu yake.

Jirani yake ni mzee aliyestaafu kazi ya reli. Nyumba yake nayo ni ya bati, tena la zamani, na Yaya alikuwa hajajiuliza kwa nini mzee yule hulala ndani saa nane mchana. Siku moja alimfuata.

"Shikamoo, mzee. Nyumba yako inapoaje na bati ni lile lile?"

"Marahaba, mwana wangu. Ukikaa mbele ya moto, uso unaungua na mgongo unasikia baridi, sivyo? Hewa ni moja. Sasa weka ungo mbele ya uso. Moto bado upo, lakini uso umepona. Bati lako ni moto, na hujaweka ungo."

Sijasikia mwalimu wa fizikia aliyelieleza vizuri kuliko hivyo. Joto kubwa la bati haliji na hewa. Linamulika moja kwa moja kutoka kwenye bamba mpaka kwenye ngozi, na chochote kinachosimama katikati kinalizuia. Plafo ya mzee ni ya mianzi iliyopasuliwa, na juu yake ametandaza mikeka. Si tripleksi, si kitu cha ng'ambo. Kati ya plafo na bati ameacha nafasi, na chini ya paa pande mbili kuna klostra, matofali yenye matundu, ili hewa iliyochemka itoke badala ya kujaa. Ukuta wake ni mrefu. Barza inazunguka pande tatu, jua lisiguse ukuta. Ukizitazama nyumba za wakati wa Wabelgiji zilizobaki katika miji yetu utaona akili hiyo hiyo: urefu, kivuli, matundu. Ukoloni tuliuchukia kwa haki, lakini wale waliojenga nyumba hizo kwa mikono, na kujifunza kwa nini zinapoa, walikuwa baba zetu, na ni hasara kwamba maarifa yao yameishia kwa wastaafu.

Simshauri mtu arudi kwenye majani. Paa la majani linapoa, lakini linaoza, linashika moto, linahifadhi wadudu, na kulibadilisha kila baada ya miaka michache ni kazi isiyokwisha. Bati lina fadhila zake, hata nyingine tusizozitarajia: watafiti waliofanya kazi Gambia walichapisha mwaka 2019 kwamba mbu walio ndani ya nyumba za bati mchana hufa zaidi kuliko walio katika nyumba za majani, kwa sababu ya joto lile lile. Ninachopinga ni kuliweka bati juu ya ukuta mfupi, bila plafo, bila tundu, kisha kusema nyumba imekwisha.

Msimu wa nne wa mvua, paa lilianza kutoboka. Kwanza juu ya jiko, ambako moshi wa kuni ulikuwa unapanda kila siku. Kisha chumbani, bila moshi. Usiku bati jembamba hupoa upesi kuliko hewa, na hewa yetu imejaa maji ya mto na msitu, hivyo alfajiri umande unaganda upande wa ndani na kudondoka. Koti la zinki lililokuwa jembamba tangu mwanzo likaliwa pande mbili. Halafu kulikuwa na kosa la misumari: msaidizi wa fundi aliipiga bondeni mwa wimbi, mahali maji yanapopita, badala ya mgongoni. Tufani ya mwezi wa kumi ilipokuja, chuma kilichanika kuzunguka vichwa vya misumari, na mabati matatu yakaruka mpaka uwanja wa jirani. Namshukuru Mungu hapakuwa na mtoto nje.

Kiangazi kilichopita tulikwenda dukani pamoja, duka jingine. Marundo yalikuwa yale yale mawili. Yaya akaomba bati moja kutoka kila rundo, la mita 3, lililotoka kwenye bamba la upana wa sentimita 90, akayabeba mpaka kwa mama mmoja anayeuza mchele kwa jumla.

"Mama, naomba mizani yako kidogo."

"Mwalimu, manjanja nayo siku hizi yanauzwa kwa kilo?"

"Leo, ndiyo."

La BG 32 lilipata kilo 5 na robo. La BG 28 likapita kilo 8. Hakuna tundu la kuchungulia unene wa chuma, lakini uzito haufichiki: kila mita ya mraba ya chuma yenye unene wa milimita moja ina karibu kilo 7.85, na mwenye mizani anaweza kujua alichouziwa hata kama maandishi yamefutika. Yaya alitoa tofauti, kilo 3 na kitu, akaizidisha kwa 40. Ikatoka 125. Alisimama pale sokoni akiitazama namba hiyo. Hizo ndizo kilo za chuma alizoziacha dukani siku ile alipodhani amepata nafuu.

Fedha ilitosha mabati 20 ya BG 28, upande wa vyumba vya kulala. Upande wa pili ulisuguliwa kutu, ukazibwa, ukapakwa rangi nyeupe ya paa, ambayo inarudisha mwanga na pia inaachia joto, kazi mbili ambazo zinki peke yake haiziwezi pamoja. Mabati mapya hayakupakwa. Zinki mbichi inakataa rangi ya mafuta na kuibandua, lazima kwanza mvua na jua zilipunguze mng'aro. Misumari ilipigwa mgongoni mwa wimbi, na mimi mwenyewe nilikuwa juu ya ngazi nikihesabu. Safu mbili za klostra ziliingizwa chini ya paa. Plafo ni mianzi na mikeka. Mzee wa reli alikuja na kiti chake akawaonyesha vijana jinsi ya kuipasua.

Juma lililopita nilipita pale saa nane mchana. Jenereta ilikuwa imefunikwa gunia. Shemeji aliniwekea kidole mdomoni nisibishe hodi, akanionyesha mlangoni: mtoto mdogo alikuwa amelala ndani, chini ya chandarua, na chandarua kilikuwa kimechomekwa chini ya godoro pande zote.