Mshahara Uliozuiwa na Mvua ya Kwanza

Ukoka wa Dodoma hauishi kwa mvua. Kwa kawaida mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 600, nayo hunyesha kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Miezi inayobaki ni ya upepo, vumbi na jua. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia huku mwaka 2016, na Dodoma ikatangazwa kuwa jiji Aprili 2018, majengo yameota Mtumba na kwingineko, na kila jengo linataka bustani mbele yake: nyasi, miti ya kivuli, maua kando ya pevingi. Bustani hizo zinaishi kwa mkono wa mtu anayevuta mpira wa maji alfajiri ya Agosti, baridi ikimuuma vidole, ili udongo unywe kabla jua halijapanda. Ni kazi inayowaita vijana wa Chamwino, Bahi na Kongwa baada ya mavuno, wakati shamba halina la kufanya na nyumbani hakuna hela.

Tukisikia kazi ya kulazimishwa tunafikiria mlinzi na geti lililofungwa. Ninavyoona mimi, katika kazi ya bustani wala geti halihitajiki. Mshahara ulioshikiliwa unatosha. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 27.6 walikuwa katika kazi za kulazimishwa, wengi wao kwenye shughuli za watu na kampuni binafsi. Na njia iliyotumika zaidi kuwabana haikuwa kipigo, bali kuwazuilia malipo kwa makusudi: asilimia 36 walibanwa hivyo, wakaogopa kuondoka wasije wakapoteza walichokwisha kukitolea jasho.

Hapa kwetu mtego huo unaweza kutegwa kwa daftari tu. Kibarua anaahidiwa kulipwa mwisho wa mwezi. Ukifika, anapewa elfu kumi ya kula na kuambiwa nyingine anawekewa. Jina lake limeandikwa, vistari vya siku zake vimepangwa vizuri, lakini daftari halitoki mkononi mwa msimamizi. Ukurasa wa nyuma ndiyo orodha ya anachodaiwa: nauli ya kuja mjini, buti za mpira, unga na dagaa. Mwezi wa tatu anajua kwamba anadai, ila hajui kiasi gani. Kisha mawingu yanatanda. Huku Ugogo, yaani nchi ya Wagogo, hakuna msimu wa pili wa kufidia wa kwanza. Atakayechelewa kupanda mtama au uwele anaweza kulala njaa mwaka ujao. Kijana anaaga, naye anajibiwa kwamba akiondoka sasa asahau hela yake. Hapo kazi aliyoiomba mwenyewe imegeuka kuwa ya kulazimishwa, bila mtu kuinua hata fimbo.

Nchi hii iliwahi kuuona mtego huo. Enzi za mkoloni, manamba wa mashamba ya mkonge walifanya kazi kwa kipande, kadi ya siku 30, na malipo yalisubiri siku zote zitimie. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda SILABU, ofisi ya kukusanya vibarua kutoka mikoa ya mbali. Wazee wetu hawakulihifadhi neno manamba kwa bahati mbaya: mtu alikuwa namba, na siku zake zilihesabiwa na mwingine.

Wapo watakaosema vijana hawa wamekuja wenyewe, na pengine msimamizi ni mtu wa kijijini kwao. Ni kweli wamekuja wenyewe. Lakini aliyekubali kuanza kazi hakukubali kuzuiwa asiiache. Mkataba wa kimataifa Na. 29 wa mwaka 1930, ambao Tanzania iliuridhia, unatazama mambo mawili: hiari ya mtu na tishio la adhabu. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 6, inaifanya kazi ya kulazimishwa kuwa kosa, na inaitaja pia kazi ya kulipia deni. Undugu wa kijijini nao unaongeza kifungo: ni vigumu kumshtaki mtu ambaye mama yako anaomba chumvi kwao. Aliyebanwa anaambiwa aende Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, lakini mgogoro usiohusu kuachishwa kazi unatakiwa kufikishwa huko ndani ya siku 60, na siku hizo huliwa na ahadi za wiki ijayo.

Hoja nzito zaidi ni ya mkandarasi mdogo aliyepewa kazi ya bustani: naye hajalipwa, sasa awalipe watu kwa kitu gani? Siipuuzi. Mtu aliyenunua miche, mbolea na maji ya boza kwa mkopo, kisha akasubiri hundi miezi minne, hana siri ya kuficha, hana hela. Ila hoja hiyo inamtaja mhusika ambaye huwa hatumtazami, yaani mwenye bustani. Zabuni ya kumwagilia eneo fulani mwaka mzima inahesabika: watu wangapi, siku ngapi, kwa kima cha chini kipi. Bei ikiwa chini ya hesabu hiyo, aliyeikubali amenunua jasho lisilolipwa, hata kama hajawahi kumwona kibarua mmoja. Ofisi, hoteli au mwenye nyumba anaweza kuandika kwenye mkataba kwamba vibarua walipwe kila wiki kwa simu, kila mmoja awe na nakala ya siku zake, nauli na buti ziwe gharama ya mkandarasi, na kitambulisho cha NIDA kisishikwe na mtu mwingine.

Kwa Dodoma ningeongeza tarehe. Ankara ya Oktoba isilipwe kabla mkandarasi hajaonyesha kuwa hakuna kibarua anayemdai, na mwenye bustani naye awe amemaliza ankara za nyuma. Anayetaka kubaki abaki kwa makubaliano mapya. Anayetaka kwenda kupanda apande basi la Kongwa na hela yake mfukoni.