Kadi na Kiti

Ami yangu alihamia kwetu Amani baada ya mkewe kufariki na magoti kuanza kumsumbua. Alitoka Kiembesamaki na mkoba wa nguo, redio, na bahasha ya kaki yenye kadi zake. Imo ya Mzanzibari mkaazi, ya kupigia kura, ya Chama Cha Mapinduzi, na chini kabisa ya Afro-Shirazi, imechakaa hata picha haionekani vizuri. Kila alasiri hukaa barazani na kikombe cha kahawa, na siku yenye mechi uwanjani inabidi tusemezane kwa kupiga kelele.

Mimi nasoma shahada ya pili na tasnifu yangu inahusu uwakilishi. Nilipoanza niliona ni mada ya vitabu tu. Siku moja, kwa mazungumzo ya kupitisha wakati, nikamuuliza ami kuhusu mtu aliyempigia kura mwaka 2010, Mansoor Yussuf Himid. Akaweka kikombe chini.

Kwa msomaji ambaye hakuwa Unguja miaka ile, niseme kidogo. Mansoor alikuwa Mwakilishi wa Kiembesamaki katika Baraza la Wawakilishi kwa tiketi ya CCM. Ni mtoto wa Brigedia Yussuf Himid, mmoja wa wajumbe wa Baraza la Mapinduzi, na shemeji yake Rais Amani Karume. Amewahi kuwa waziri zaidi ya mara moja. Kwa maneno ya mtaani, alikuwa mtoto wa nyumbani. Tena alikuwemo katika Kamati ya Maridhiano, wale watu sita chini ya Mzee Hassan Nassor Moyo, watatu wa upande huu na watatu wa upande ule. Waliokuwa wakubwa wakati huo wanakumbuka ilivyokuwa kabla ya maridhiano: watu wa vyama viwili hawazikani, hawanunui duka moja, wala hawaalikani harusini. Julai 2010 tulipiga kura ya maoni na asilimia 66.4 wakasema ndiyo, pawepo serikali ya umoja wa kitaifa.

Kisha ukaja mjadala wa katiba mpya, na watu wakaalikwa waseme wanautaka Muungano wa namna gani. Mansoor alisema wazi, hadharani, kwamba anataka Muungano wa mkataba na Zanzibar yenye mamlaka yake kamili. Sera ya chama chake ilikuwa serikali mbili. Oktoba 2012 akaondolewa uwaziri. Agosti 2013, huko Dodoma, Halmashauri Kuu ya CCM ikamfukuza uanachama, na kwa kuwa sheria yetu inataka mjumbe awe na chama, kadi ilipoondoka na kiti kikaondoka. Miezi miwili tu kabla ya hapo, tarehe 3 Juni, Tume ya Jaji Warioba ilikuwa imetoa rasimu yake ya kwanza, na rasimu hiyo ilipendekeza serikali tatu. Kwa hiyo jambo lililomfukuzisha mtu halikuwa wazo la kichaa lililookotwa njiani.

Nilikuwa skuli wakati huo. Nakumbuka tu watu wakipunguza sauti.

"Ami, ulikasirika walipomfukuza?"

"Nikasirike kwa nini? Aliingia kwa chama, katoka kwa chama."

"Lakini walomchagua si nyinyi?"

"Mimi nilimchagua Mansoor aliyevaa shati la kijani. Angelikuja na shati jeupe nisingelimjua."

Nilikaa na jibu hilo kwa siku kadhaa, kwa sababu lina nguvu kuliko nilivyotaka liwe. Mtu anaposimama kugombea kwa ilani ya chama, anaomba kura kwa ahadi ambayo si yake peke yake. Wengine hawamjui hata sura, wanatia alama kwenye nembo. Akifika ndani akageuka, waliochagua nembo wana haki ya kusema wamedanganywa. Ami anaamini hivyo kwa dhati: ukitaka kusema yako, vua shati kwanza, urudi kwa watu uwaombe upya.

Lakini tuitazame lugha yetu wenyewe. Mwakilishi na wakili ni neno la asili moja, na sisi tuliosoma chuoni tunajua wakili ni nani. Baba akiwa safarini huweka wakili amuozeshe binti yake. Wakili huyo hana ruhusa ya kumuozesha kwa mtu mwengine asiyetajwa kwa kuwa yeye amemuona ni bora zaidi. Mpaka hapa ami yuko sawa: aliyetumwa asizidishe. Ila mlango huo huo wa fiqhi una sharti jengine. Mwenye kumvua wakili ni yule aliyemuweka. Jirani hawezi kumvua wakili wa baba, hata kama jirani ndiye aliyemtafuta wakili huyo na kumkopesha kanzu ya kuendea.

Kwa hiyo suala linakuwa, nani alimuweka Mansoor? Chama kilimsimamisha. Watu wa Kiembesamaki walimuweka. Hayo ni matendo mawili, na sheria yetu imeyafanya kuwa moja.

Darasani tunasomeshwa Edmund Burke, mbunge wa Bristol, aliyewaambia wapiga kura wake mwaka 1774, kwa ufupi, kwamba anawadai imani wamuachie atumie akili yake, na kwamba akiitupa akili hiyo kwa kufuata maoni yao atakuwa amewasaliti. Wenzangu humpenda sana Burke. Mimi hupenda kukumbusha yaliyofuata. Aliunga mkono biashara ya Ireland na haki za Wakatoliki, watu wa Bristol wakachukizwa, na 1780 alipoona hawamtaki tena akajitoa. Halafu mfadhili wake akampa kiti chengine, Malton, na maisha yakaendelea. Dhamiri yenye godoro chini yake si jambo gumu sana. Hata hivyo kuna kitu Bristol walikuwa nacho ambacho Kiembesamaki hawakupata: wenyewe ndio waliomhukumu, uchaguzi ulipofika, naye akiwa na nafasi ya kujieleza mbele yao.

Ami husema Kiembesamaki nao walihukumu. Uchaguzi mdogo ulifanyika Februari 2014 na CCM ikashinda kwa Mahmoud Thabit Kombo. Ni kweli. Lakini jina la Mansoor halikuwamo kwenye karatasi ya kura, na lisingeweza kuwamo bila chama chengine, kwa sababu mgombea binafsi haruhusiwi. Tarehe 14 Juni 2013, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, iliamua katika kesi ya Mchungaji Mtikila kwamba katazo hilo linavunja haki za raia. Uamuzi ulikuwa na umri wa miezi miwili alipofukuzwa, na katazo likabaki pale pale. Basi watu wa Kiembesamaki waliulizwa nani awe mwakilishi wao mpya. Hawakuulizwa kama wa zamani amekosa.

Na hapa ndipo ushauri wa ami wa "vua shati kwanza" unaponikwama. Avue avae nini? Mlango wa kurudi kwa watu akiwa mtu mmoja, na rai yake moja, umefungwa. Kumwambia mtu atoke kwa njia ya heshima halafu njia yenyewe haipo, huko ni kumwambia anyamaze. Sisemi kwamba Mansoor hakukosea popote. Nadhani alitakiwa kuwaeleza wapiga kura wake mapema kwamba kwenye jambo hili haiko pamoja nao ilani waliyoichagua. Mtu mwenye cheo, aliyezaliwa karibu na madaraka, huweza kusahau kuomba ruhusa kwa watu wa kawaida. Lakini kosa la kutoaga si sawa na kosa la kuiba.

Historia yetu nayo ina mzaha mkali. Baraza hili la Wawakilishi lilikutana kwa mara ya kwanza Januari 1980, wakati wa Rais Aboud Jumbe. Miaka minne baadaye, Januari 1984, ni Jumbe huyo huyo aliyelazimika kujiuzulu Dodoma, kwa kutaka muundo wa Muungano uangaliwe upya na kuwe na serikali tatu. Aliyelifungua Baraza na aliyefukuzwa kutoka humo walishikwa kwa neno moja, katika mji mmoja, miaka 29 mbali. Aprili 2015 Mzee Moyo naye akavuliwa uanachama, yeye aliyekuwa na kadi tangu enzi za kupigania uhuru.

Wiki iliyopita nilimrudia ami. Nilitaka kumsomea sehemu ya wakili, nikidhani nimemshinda. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza tu kama sukari ya kahawa imebaki. Kisha akasema, bila kuniangalia:

"Mimi mawazo yangu yalikuwa kama ya Mansoor."

"Kuhusu Muungano?"

"Kuhusu Muungano."

"Na ulisema?"

"Nilisema hapa, barazani kwa baba yako. Tawini sikusema. Nilikuwa balozi, mwanangu. Watu wanaleta shida zao kwako, huyu anataka barua, yule mtoto wake anatafuta kazi. Ukisema, barua haiendi."

Nilitaka kumwambia kwamba hii ndiyo hoja yangu yote. Kura yake ya 2014 aliipiga kwa shati, na rai yake akabaki nayo barazani, na hakuna mtu hata mmoja kule Chukwani kwenye Baraza aliyekuwa akiisema kwa niaba yake. Sikumwambia. Kwa muda nilikuwa nikimuona ami kama mtu asiyeelewa maana ya dhamiri, kumbe alikuwa ameifanyia hesabu kwa utulivu kuliko mimi, barua za watu upande mmoja, neno lake upande wa pili.

Na tena, ningemwambia kwa uso gani? Sura ya nne ya tasnifu yangu ilikuwa na kurasa sita kuhusu Kiembesamaki. Mtu mmoja ambaye saini yake naihitaji aliniambia kwa upole nipunguze makali, mfano wa Uingereza unatosha. Hakunitisha. Zimebaki kurasa mbili, na nyingi ni Bristol.

Zile nne ziko kwenye simu. Ami ameomba nimsomee, ila akasema tusubiri mechi iishe.