Ndugu akikamatwa, tusikimbilie vishoka

Ndugu Waislamu, Nabii Yusuf (A.S.), akiwa gerezani bila kosa, alimwomba mfungwa mwenzake aliyekaribia kutoka amtaje kwa bwana wake. Yule akasahau, na Yusuf akakaa miaka. Kutafuta msemaji, basi, hakupunguzi tawakkul.

Simu inalia usiku: kijana yuko kituoni. Familia inachanga haraka haraka na kumkabidhi "mwanasheria" aliyesimama nje ya mahakama na bahasha yake ya kaki. Huyo ni kishoka! Wakili wa kweli jina lake limo katika daftari la mawakili na ana leseni hai. Muulizeni, haoni haya. Muulizeni pia kesi ngapi za jinai amesimamia, maana hodari wa mirathi anaweza kuwa mgeni huko. Akikwambia "hakimu ni wangu", ondoka, anakuuzia rushwa, na Mtume (S.A.W.) amemlaani mtoaji na mpokeaji.

Kijana naye asisaini maelezo asiyoyasoma, na ana haki ya kuwasiliana na wakili au ndugu. Asiye na uwezo, hapa Tanzania ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Misikiti yetu inachangisha minara kila Ijumaa. Mfuko wa kumlipia wakili mtoto wa mjane uko wapi?