Je, Picha Iliyotulia ni Uongo?

Wapo watengeneza filamu wanaoamini kwamba ukweli uko kwenye kamera inayotikisika. Mwaka 1995 Wadenmaki wawili, Lars von Trier na Thomas Vinterberg, walitoa masharti ya Dogme 95, na mojawapo lilitaka kamera ishikwe mkononi. Mimi hupiga video za harusi na misiba hapa Tanga, na swali lao hunikabili kila ninaposhika kazi. Nikimfuata bwana harusi tangu garini hadi ukumbini bila picha kutikisika, je, nimemdanganya atakayeitazama?

Nasema hapana, na shahidi wangu ni jicho. Mtu akitembea, kichwa chake hupanda na kushuka kila hatua, lakini ukuta ulio mbele yake haurukiruki. Sikio la ndani huhisi mwendo wa kichwa, na papo hapo macho hugeuka upande wa pili kuufidia. Mwenyezi Mungu ametuumba tuione dunia imetulia. Steadicam, kifaa cha kutuliza kamera alichokibuni Garrett Brown miaka ya 1970, na gimbali za leo, yaani vishikio vya kamera vyenye vihisio na mota tatu, zinaipa kamera kile ambacho jicho lilizaliwa nacho.

Uongo una mlango mwingine. Utulizaji wa kidijitali, ule wa kwenye simu, hukata kingo za picha ili upate nafasi ya kuisogeza. Na pembeni ndiko anakokaa bibi aliyemlea bibi harusi. Ukiutumia, rudi nyuma kidogo, naye awemo.

Kwa hiyo mimi huchagua kifaa kwa kujiuliza: leo ninatazama kwa niaba ya nani? Harusini mgeni hutembea na kucheza na wenyeji, basi gimbali inafaa, mradi kamera na lenzi visizidi uzito inaoumudu, na uvisawazishe kabla ya kuwasha mota. Msibani mgeni huketi. Hapo natumia stendi ya miguu mitatu. Kamera inayolizunguka jeneza kwa madaha, hata ikitulia vipi, inatazama kwa namna ambayo hakuna mfiwa aliyetazama.

Ndugu unayeanza kazi hii, nunua kwanza stendi imara. Itakufunza kukaa mahali pamoja na kumtazama mtu kwa heshima. Gimbali utainunua baadaye.