Simama Nje ya Mlango

Jumapili iliyopita tulipofika Kumbukumbu la Torati 24, mstari wa 10, niliona wengine wenu mkiangaliana. Baada ya ibada ndugu mmoja akanivuta kando pale kwenye tangi la maji. Ako na vyumba vinne huko Gataka, amemaliza kujenga juzi tu. Akaniuliza, "Sasa pasta, mtu akikataa kulipa nifanye nini? Nimwombee tu?" Nilicheka, lakini swali lake halikuwa la kuchekesha. Katika kanisa hili wapangaji ni wengi, wenye ploti pia wapo, na kuna Jumapili mwenye ploti na mpangaji wake huketi benchi moja.

Andiko lenyewe linasema ukimkopesha jirani yako, usiingie nyumbani kwake kuchukua rehani. Simama nje, na yeye mwenyewe akuletee. Angalia vizuri, deni halijafutwa hapo. Anayedai bado anadai, na ni haki yake. Lakini kuna mlango asioruhusiwa kuuvuka. Sasa shida ya mwenye nyumba ni hii: mlango wenyewe ni yeye aliununua kwa fundi. Je, si wake?

Acha niseme yangu kwanza. Mwanzoni mwa 2024 mimi na mke wangu tulianza kupangisha bedsita sita upande wa Kware, tulizojenga kwa mkopo wa Sacco. Mimi nimesomea biashara, kwa hivyo hesabu niliipanga ikapendeza. Vyumba sita kwa 7,000 ni 42,000 kwa mwezi. Mkopo 31,000. Keateka 6,000. Ushuru wa KRA kwa mapato ya kodi ya nyumba ulishuka kutoka asilimia 10 hadi 7.5 kuanzia Januari mwaka huo, kwa mtu anayepata zaidi ya 288,000 hadi milioni 15 kwa mwaka, kwa hivyo 3,150. Nikabaki na 1,850. Nikamshukuru Mungu, nikaona tumefika.

Wewe unayeanza, hebu irudie hiyo hesabu. Mpangaji mmoja tu akikosa kulipa, mimi niko chini kwa zaidi ya 4,600 hata baada ya ushuru kupungua. Hapo sijaweka boza la maji mfereji ukikauka, wala lori la kunyonya choo, wala chumba kukaa bure mwezi mzima. Na huo ushuru hutozwa kwa kodi yote uliyopokea, hautoi gharama kwanza. KRA wanautaka kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na hawaulizi kama boza lilikuja.

Basi mwezi wa tano mama mmoja akachelewa. Alikuwa anauza mandazi pale steji asubuhi na mapema. Mtoto wake alikuwa amelazwa, akarudi nyuma wiki tatu. Nilimpigia mara mbili, akasema, "Pasta, nivumilie kidogo." Sacco nao walikuwa wamenitumia ujumbe. Nikamwambia keateka aweke kufuli la pili juu ya lake.

Alirudi jioni akakuta hivyo. Hakupiga kelele, na hilo ndilo liliniuma baadaye. Alilala kwa jirani. Asubuhi hakuwa steji, kwa sababu jiko, karai, mafuta na unga vyote vilikuwa ndani. Siku tatu hakuuza chochote. Mimi mwenye shahada ya biashara nilikuwa nimefungia ndani kile kitu ambacho kingenilipa!

Rudi nyuma mistari minne tu katika sura hiyo hiyo. Mstari wa 6 unakataza kuchukua jiwe la kusagia liwe rehani, kwa kuwa ni kuchukua uhai wa mtu. Nilikuwa nimeusoma mara nyingi nikidhani unahusu Waisraeli na unga wao. Lile karai lilikuwa jiwe la kusagia, na mimi ndiye niliyelichukua.

Kwa hivyo jibu langu kuhusu mlango ni hili. Chuma ni changu. Lakini nilipopangisha, niliuza haki ya kuingia na kutoka, na anayedaiwa pesa hajairudisha haki hiyo kwangu kwa kuchelewa. Hata sheria haijaniachia niamue peke yangu. Sheria ya kukamata mali kwa ajili ya kodi, Sura ya 293, inamruhusu mwenye nyumba kudai kupitia vitu vya mpangaji, lakini kazi hiyo ni ya dalali mwenye leseni, si ya keateka na kufuli usiku. Kuna pia sheria ya kuwalinda wapangaji, Sura ya 296, ila inahusu nyumba ambazo kodi yake haizidi 2,500 kwa mwezi. Niambieni ni nani hapa Rongai anapata bedsita kwa bei hiyo. Wengi tumebaki na mkataba tuliouandika, kama tuliuandika, na dhamiri.

Najua mtaniuliza kuhusu wale wanaohama saa nane usiku na pikapu. Wapo, na wengine wanaimba vizuri sana Jumapili. Huruma kwa mtu asiyetaka kulipa si bure, kuna mtu anaigharamia, mara nyingi ni keateka anayengoja mshahara. Mimi sisemi usidai. Mpe notisi kwa maandishi, kaeni mkubaliane tarehe, ikishindikana mwambie ahame, akikataa nenda kwa sheria. Huko kote ni kusimama nje.

Lakini nikijichunguza, dhambi yangu ilianza kabla ya kufuli, siku nilipofanya bajeti isiyo na nafasi ya mtu kuugua. Luka 14:28 inasema kuhusu kuketi na kuhesabu gharama ya mnara. Nilihesabu kama malaika ndio watapanga kwangu. Siku hizi nahesabu mwaka kuwa miezi kumi, siyo kumi na miwili, na kama mkopo haulipiki kwa miezi kumi, sichukui.

Na dipoziti. Ndugu zangu wenye ploti, hapa tusidanganyane. Ile ni pesa ya mpangaji iliyo mkononi mwako. Ukiitumia kununua mabati ya chumba cha saba, wewe sasa ndiye mdaiwa wake. Wangapi tunamwambia mtu anayehama, "ngoja mwingine aingie"? Na wangapi tunakata rangi ambayo ingefifia tu hata angekaa malaika?

Yule mama nilimfungulia siku ya nne na nikaomba msamaha mbele ya keateka, kwa kuwa yeye ndiye nilimtuma. Alilipa deni kwa M-Pesa, mia tatu, mia tano, wiki saba. Desemba alihama. Kurudisha 7,000 zake ilibidi nikope kwa shemeji, kwa sababu dipoziti zote sita nilikuwa nimeweka kwa paa.

Daftari langu la hesabu liko ofisini, la zamani na la sasa. Mwenye kutaka kuliona aje Alhamisi kabla ya maombi ya jioni, na kama una mkataba wa nyumba, mpangaji au mwenye ploti, beba.